Kijana ana kesi na yuko kwenye tiba: jinsi ya kupima kama anapata nafuu

Ripoti nyingi za robo mwaka kutoka vituo vinavyohudumia vijana hapa Nairobi huwa zimejaa hesabu za kazi iliyofanyika: vijana wangapi walionwa, vikao vingapi vya kikundi vilifanyika, wazazi wangapi walipigiwa simu. Hesabu hizo zinaonyesha kwamba wafanyakazi hawakukaa bure. Hazisemi kama yule aliyeingia akiwa halali usiku sasa analala, wala kama aliyekuwa akijikata mkono kwa wembe ameacha. Mwongozo huu ni wa afisa tabibu, muuguzi, mwanasaikolojia, mshauri nasaha au afisa wa probesheni anayetaka kujua kama kijana anapata nafuu, naye ana fomu chache, rejista moja na muda usiotosha.

Vijana ninaowazungumzia ni wa miaka 12 hadi 17. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa bado hawezi kuwajibika mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Utawakuta rumande ya watoto kule Lower Kabete, Getathuru wanakopokelewa na kuchunguzwa kabla ya kupelekwa shule za urekebishaji, kwenye kliniki za hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, au nyumbani kwao Kayole na Kawangware wakiwa chini ya probesheni.

Hatua ya 1: Tenganisha faili la tiba na faili la kesi

Fanya hivi kabla hujachagua fomu yoyote, maana ukikosea hapa mengine yote ni bure.

Nairobi nzima inajua kwamba mshukiwa wa mauaji hupelekwa Mathari kabla ya kujibu mashtaka, daktari aseme kama anaweza kufuatilia kesi yake. Hiyo ni tathmini ya korti. Ina amri ya jaji, ina tarehe ya kurudishwa, na majibu yake husomwa mbele ya watu. Kipimo cha matokeo ya tiba ni kitu kingine kabisa: ni cha kijana na wanaomtibu, na kazi yake ni kuonyesha kama tunachomfanyia kina faida. Kijana haoni tofauti hiyo mpaka aonyeshwe. Akidhani fomu yako itamfikia kiongozi wa mashtaka, kila swali atajibu kwamba yuko sawa. Akiwa ameambiwa na wenzake bwenini kwamba mgonjwa hafungwi, kila swali atajibu kwamba hali ni mbaya. Kwa vyovyote vile, unachojaza hapo ni hofu yake.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Hojaji ya SDQ, ambayo nitaieleza baadaye, ina swali linalomuuliza kijana kama huchukua vitu visivyo vyake nyumbani, shuleni au kwingineko. Mweke mbele ya swali hilo mvulana aliye rumande kwa kesi ya wizi wa simu. Jibu la kweli linaweza kuwa ungamo lililotiwa tarehe na sahihi ya kituo.

Kwa hiyo andikianeni na msimamizi wa kituo, ukurasa mmoja tu, nani anaona nini. Kinachokwenda kortini kiwe ripoti ya maneno: kijana anahudhuria, ameendelea hivi, tunapendekeza hivi. Alama za fomu zibaki kwenye faili la tiba. Usiandike maelezo ya kosa lenyewe kwenye fomu ya matokeo, hata akikusimulia bila kuulizwa. Msikilize, lakini kalamu ikae mezani.

Kisha mwambie kijana mwenyewe, kwa maneno yasiyobadilika kutoka kwa mfanyakazi mmoja hadi mwingine. Maneno tunayotumia ni haya: "Haya maswali ni ya kutusaidia kujua kama tunakusaidia. Sisi hatuyapeleki kortini. Korti ikiagiza, utaambiwa kwanza. Lakini ukiniambia unataka kujiua, ama kuna mtu anakuumiza, ama unapanga kuumiza mtu, hiyo siwezi kunyamazia, na utajua nimeambia nani." Usiahidi zaidi ya hapo. Ahadi ya siri isiyo na mipaka huvunjika siku ya kwanza tu yenye shida, na bweni zima hupata habari kabla ya chakula cha jioni.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na data ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi na lazima itumike kwa manufaa ya mtoto huyo. Kwa vitendo: kila kijana awe na namba, fomu ziwe na namba hiyo bila jina, na orodha inayounganisha namba na majina ifungiwe kabati tofauti. Kompyuta ya ofisi ambayo kila mtu anajua nywila yake si kabati.

Hatua ya 2: Amua unapima nini

Mambo manne yanatosha: dhiki aliyo nayo (huzuni, wasiwasi, ndoto mbaya, sauti anazosikia), maisha yake ya kila siku (analala, anasoma, anaoga, anacheza na wenzake), hatari kwake mwenyewe na kwa wengine, na lengo ambalo yeye mwenyewe ameliweka.

Wakubwa na wafadhili wataomba la tano, na mara nyingi ndilo pekee wanaloomba: je, alirudia kosa? Usilikatae, ila lijue lilivyo. Mvulana wa Mathare au Majengo anaweza kubebwa kwenye msako wa Ijumaa jioni kwa sababu tu alikuwa amesimama kwenye kona na wenzake. Mwenzake wa Lavington anaweza kufanya makubwa zaidi na akalala kwao. Ukihesabu kukamatwa, sehemu kubwa ya unachopima ni mahali polisi wanapopita. Tena kijana aliyefungiwa hana nafasi ya kurudia kosa, kwa hiyo kituo chenye milango mizito kitaonekana kinatibu vizuri kuliko kliniki ya nje. Ukilazimika kuhesabu, andika mbalimbali: amekamatwa, ameshtakiwa, mahakama imemwona na kosa, na yeye mwenyewe anasema nini. Na usiruhusu safu hiyo ikae juu ya ripoti.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Ugonjwa na kosa si kitu kimoja. Kijana anaweza kupona sonona kabisa na bado akaiba, kwa sababu nyumbani hakuna chakula na kaka yake mkubwa ndiye anayeongoza kundi. Mwingine anaweza kuacha wizi na bado usiku akawa anatamani kufa. Tiba ya sonona ihukumiwe kwa sonona.

Hatua ya 3: Chagua fomu chache, uzijue vizuri

SDQ, hojaji ya hisia na tabia za kijana, ilitungwa na Robert Goodman wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1997. Ina maswali 25, kila moja lina alama 0, 1 au 2. Maswali 20 yanajumlishwa kuwa alama ya shida, kutoka 0 hadi 40. Matano yaliyobaki yanaangalia wema wake kwa wengine na hayaingii kwenye jumla hiyo. Kijana wa miaka 11 hadi 17 hujaza mwenyewe, na kuna fomu za mzazi na za mwalimu. Ipo ya Kiswahili. Chukua iliyo rasmi na usibadilishe maneno yake, hata kama unaona ungeyaandika vizuri zaidi. Haki za mtunzi haziruhusu, na ukibadilisha huwezi tena kulinganisha alama zako na za mtu mwingine. Fomu ya kwanza huuliza habari za miezi 6 iliyopita, ya kurudia huuliza za mwezi 1. Msizichanganye.

HoNOSCA, fomu ya kupima hali ya afya ya akili ya watoto na vijana, hujazwa na mtaalamu, si kijana. Ina vipengele 13 vikuu, kila kimoja 0 hadi 4, kwa hiyo jumla ni 0 hadi 52, na huangalia wiki 2 zilizopita: ukali, kujiumiza, matumizi ya dawa za kulevya, masomo, uhusiano na familia na kadhalika. Uzuri wake ni kwamba kijana asiyejua kusoma hapotei. Ubaya wake ni kwamba watu wawili wasiofundishwa pamoja wanaweza kumpa kijana huyohuyo alama zinazopishana sana. Kaeni wawili wawili, mjaze fomu za vijana wachache kila mtu kivyake, halafu mbishane mpaka mjue ni nini kinafanya 2 isiwe 3.

PHQ-9 ya sonona ina maswali 9, jumla 0 hadi 27, na yenyewe huuliza kuhusu wiki 2. Ilitungwa kwa watu wazima, ingawa kuna toleo la vijana. Ndani ya kituo kilichofungwa, isome kwa akili. Swali la hamu ya kula linaulizwa kwa kijana anayekula ugali na maharagwe siku saba kwa wiki. Swali la usingizi linaulizwa kwa kijana anayelala chumba cha watu wengi, taa ikiwaka usiku kucha. Alama zitapanda, na si lazima iwe ni sonona. Weka alama za maswali hayo mawili kando ya jumla ili uweze kuona zinavyoenda peke yake.

Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halisubiri kujumlishwa. Jibu lolote lililo juu ya 0 linashughulikiwa siku hiyohiyo, kabla kijana hajaondoka chumbani. Zamani wengi waliogopa kulijibu kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Mwambie kijana hivyo kwa sentensi moja. Wengi bado hawajui, na hata askari wengine hawajui.

Upande wa hatari, SAVRY, fomu ya kukadiria kama kijana anaweza kufanya ukatili, ndiyo inayotajwa zaidi kwa vijana wa miaka 12 hadi 18. Ina vipengele 24 vya hatari na 6 vya kinga. Ni nzuri kwa kupanga, lakini haifai kuwa kipimo chako cha mabadiliko, na sababu ni rahisi: 10 kati ya vile 24 ni historia. Aliyepigwa akiwa na miaka 5 atabaki aliyepigwa akiwa na miaka 5, hata tiba iwe nzuri kiasi gani. START:AV, fomu nyingine ya hatari, ilitengenezwa kwa kuangalia mambo yanayobadilika na hurudiwa kila baada ya miezi kama 3. Zote mbili zinahitaji mafunzo na kununuliwa. Kama hamna, daftari la matukio litafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani, nitalirudia.

Halafu kuna malengo, ambayo mimi nayapenda kuliko fomu zote. Muulize kijana anataka nini kibadilike, aandike au aseme mambo yasiyozidi matatu, kisha ajipe alama 0 hadi 10 amefika wapi. Utasikia vitu ambavyo hakuna hojaji inaviuliza. "Nilale bila kuota ile siku." "Niongee na mathe bila kupigiana makelele." "Nirudi Form Two." Akisema "kuacha bangi" huku anamtazama afisa aliyesimama mlangoni, liandike kwa penseli na uulize tena kikao cha pili mkiwa wawili. Lengo la mama yake au la hakimu lina mahali pake, lakini si kwenye safu hii.

Ushauri wangu: fomu moja ya kujaza kijana, moja ya kujaza mtaalamu, malengo, na daftari la matukio. Basi. Nimeona kituo kikianza na fomu saba, na kufikia mwezi wa tatu zote zikawa zinajazwa na mtu mmoja Ijumaa saa kumi, kwa kukumbuka.

Hatua ya 4: Chukua kipimo cha kwanza kwa wakati wake

Usalama huulizwa ndani ya saa 24 za kuingia: kujiua, kujeruhiwa, dawa alizokuwa akitumia, kifafa. Hilo halina mjadala. Lakini kipimo cha kwanza cha matokeo, kile utakacholinganisha nacho mengine yote, kingoje kidogo. Kijana aliyetolewa mtaani jana akiwa na gundi, bangi, muguka au vidonge mwilini atatetemeka, hatalala, atagombana na kila mtu, na ndani ya wiki moja au mbili mengi ya hayo yataisha yenyewe. Ukimpima siku ya kwanza na kisha siku ya thelathini, utajipongeza kwa kazi iliyofanywa na muda. Siku ya 7 hadi ya 14 ni wakati mzuri zaidi.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Vijana hutufikia hali ikiwa mbaya kuliko kawaida yao, na mtu aliye pabaya kabisa ana nafasi kubwa ya kupanda kidogo hata asipofanyiwa kitu. Ikiwezekana pima mara mbili kabla tiba haijashika, wiki moja au mbili kati yake. Kama alama imeshuka tayari kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, umeona kiasi kilichokuwa kikienda kushuka bila wewe.

Halafu angalia kalenda ya korti. Hili vitabu havilisemi, lakini rumande kila mfanyakazi analijua. Siku mbili kabla ya kesi kutajwa mahakama ya Milimani, bweni hubadilika: wasiokuwa wakilia wanalia, wasiokuwa wakipigana wanapigana. Siku ambayo mama alitarajiwa na hakuja ni vilevile. Usipime siku hizo. Ikibidi, andika pembeni "kesi kesho" au "mgeni hakuja", ili anayesoma baadaye asidhani dawa imekataa.

Namna ya kukaa nayo ina uzito. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, na askari awe mahali anapoona bila kusikia. Wasomee wote maswali kwa sauti, hata wanaojua kusoma, ili asiyejua asilazimike kusema. Soma swali kama lilivyochapishwa. Asipoelewa, tumia maelezo yaliyokubaliwa na timu nzima na kubandikwa mezani, yawe ya Kiswahili cha kawaida au Sheng, lakini yawe yaleyale kwa kila mtu. Mwulizaji awe yuleyule mwezi hadi mwezi. Na tazama mwendo wake: kijana anayejibu "hapana, hapana, hapana" maswali yote tisa kabla hujamaliza kuyasoma amekupa alama 0 ambayo haina maana. Funga fomu, ongea naye habari za mpira, rudini kesho.

Hatua ya 5: Rudia kwa ratiba

Ndani ya kituo, kila wiki 4. Kliniki ya nje, kila anapokuja ikiwa ni mara moja kwa mwezi. Wakati wa kutoka, na miezi 3 baada ya kutoka.

Usitegemee kipimo cha siku ya kutoka. Hakimu anaweza kumwachilia saa tano asubuhi, na jioni kijana yuko Dandora na wewe una fomu tupu. Ukipima kila mwezi, angalau alama yako ya mwisho haitakuwa ya zamani sana.

Hatua ya 6: Soma mabadiliko bila kujidanganya

Tuseme kijana mmoja, tumwite Kevo, alianza SDQ akiwa na 22 na sasa ana 17. Ameshuka alama 5. Je, ni nafuu? Huenda, au ni siku nzuri tu. Kila fomu ina mtikisiko wake: ukimpima mtu yuleyule mara mbili bila kubadilika chochote, hupati alama ileile. Jacobson na Truax walipendekeza mwaka 1991 njia ya kujua ni tofauti gani inayozidi mtikisiko huo, na hadi leo ndiyo inayotumika sana.

Unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni kiasi ambacho alama za vijana wenu hutawanyika kutoka kwenye wastani. Excel hukuhesabia kwa amri ya STDEV. Ya pili ni uthabiti wa fomu, namba kati ya 0 na 1 inayopatikana kwenye tafiti za fomu hiyo. Tafuta iliyofanywa kwa vijana wanaofanana na wenu kadiri iwezekanavyo. Chukua 1 utoe uthabiti, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa ule mtawanyiko, zidisha kwa 1.41, kisha zidisha kwa 1.96. Kwa mfano, mtawanyiko ukiwa 6 na uthabiti 0.80: 1 kutoa 0.80 ni 0.20, kipeuo chake cha pili ni karibu 0.45, mara 6 ni karibu 2.7, na ukimaliza kuzidisha unapata kama 7.4. Kwa namba hizo za mfano, alama 5 za Kevo hazitoshi. Angehitaji kushuka 8 au zaidi ndipo useme bila kusita kwamba kuna kilichobadilika. Hesabu hii ifanye mara moja, andika jibu juu ya jalada la rejista, na hakuna atakayehitaji kuirudia mpaka mwaka ujao.

Baada ya hapo kila kijana anaingia kwenye moja ya safu nne: amepata nafuu, hajabadilika, amezidiwa, hatujui. Safu ya tatu iwe na kurasa zake. Wapo wanaozidiwa wakiwa mikononi mwetu, na kama rejista yako haina hata mmoja, kuna anayeificha.

Sasa kuhusu utulivu. Kituo kilichochoka hupenda kijana mtulivu, na dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidol, olanzapine au risperidone zinaweza kumtuliza kijana kwa kumlaza. Kwenye fomu ukali unashuka kutoka 3 hadi 0, na daftari la zamu linaandika "hana shida". Nenda umwone. Ameketi kwenye benchi nje ya darasa saa nne asubuhi, mabega yameshuka, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo na anayafuta kwa mkono wa sweta. Hiyo nayo ni matokeo ya tiba, na lazima iwe na mahali pa kuandikwa. Mpime uzito kila mwezi, maana baadhi ya dawa hizi hunenepesha haraka. Uliza kuhusu kutetemeka, kukakamaa, na saa anazolala mchana. Kisha linganisha: kama ukali umeshuka na masomo na michezo vimepanda, hiyo ni nafuu. Kama ukali umeshuka na kila kitu kingine kimeshuka pamoja nao, punguzeni dozi kwanza, ripoti baadaye.

Daftari la matukio nililolitaja ni hili: kila kupigana, kujiumiza, kutoroka, kushikwa kwa nguvu na kufungiwa peke yake, kwa tarehe na saa. Kushikwa na kufungiwa ni vitendo vyetu sisi, na vyenyewe vihesabiwe. Usilinganishe mwezi na mwezi kwa idadi tupu kwa sababu idadi ya vijana hubadilika. Zidisha vijana kwa siku walizokaa: vijana 20 kwa siku 30 ni siku 600. Matukio 9 katika siku 600 ni 1.5 kwa kila siku 100. Namba hiyo ndiyo inayolinganishika. Ukipanga matukio kwa saa, pia utaona mambo ambayo tiba haiwezi kuyaponya, kama vile yote kutokea kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, wakati zamu inabadilishwa na vijana hawana la kufanya.

Hatua ya 7: Wafuate waliopotea

Wanaotoka na kupotea si sawa na wanaorudi kliniki. Anayerudi ana nauli, ana mtu wa kumsindikiza na hajakamatwa tena. Ukipima wanaorudi peke yao, kliniki yako itang'aa kuliko inavyostahili. Kwa hiyo ripoti ianze na idadi ya waliopokelewa, si ya waliopimwa mwisho.

Chukua namba tatu za simu siku ya kwanza, maana ya mama itabadilika: ya shosho, ya jirani, ya mwenye duka ambapo familia hukopa unga. Kubalianeni utajitambulishaje ukipiga. "Naulizia Kevo, ni mwalimu wake wa zamani" ni uongo, na utagunduliwa. "Hujambo mama, naitwa fulani, naomba kuongea na Mama Kevo, nitapiga tena asipokuwepo" inatosha, bila kutaja Mathari wala korti. Nauli ya kuja kupimwa itumwe kwa M-Pesa baada ya kufika, si kabla. Na zungumza na afisa wa probesheni anayemsimamia, lakini kwa kuuliza tu kama kijana yuko na yu mzima. Alama zake usizitaje.

Hatua ya 8: Rudisha majibu

Wa kwanza ni kijana. Mchoree mstari kwenye karatasi ya miraba, miezi upande wa chini, alama upande wa juu, na umuulize ni nini kilitokea pale mstari ulipopanda. Atakuambia mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote: siku aliyohamishwa bweni, siku aliyosikia rafiki yake amepigwa risasi.

Timu nayo ikae na rejista mara moja kwa mwezi. Sheria yetu iwe hivi: vipimo viwili mfululizo bila nafuu, mpango wa tiba unabadilishwa, au mtu aeleze kwa maandishi kwa nini haubadilishwi. Bila sheria kama hiyo, kupima kunakuwa kujaza makaratasi.

Kwa wakubwa na wafadhili, toa safu nne kwa idadi. Kama vijana ni 14, andika "5 kati ya 14", usiandike asilimia 36. Asilimia ya watu 14 hubadilika kwa saba mtu mmoja anapohama safu. Usiseme kwamba tiba yenu ndiyo iliyoleta nafuu yote, kwa kuwa hamna kundi la kulinganisha. Semeni waliingia hivi, wakatoka hivi, na hawa hatukuwapata.

Akikaribia miaka 18, fanya kipimo cha mwisho mwezi mmoja kabla ya siku yake ya kuzaliwa, kwa sababu HoNOSCA ni ya walio chini ya umri huo na kliniki ya watu wazima ina fomu zake. Muulize kama anataka mstari wake upelekwe huko. Akikubali, mpe nakala moja mkononi na nyingine uipeleke mwenyewe mpaka kwa muuguzi atakayempokea.